Fizi zimeshuka, mizizi iko wazi: namna ya kulinganisha aina za upasuaji kabla ya kukubali

Fizi ikishashuka na kuacha mzizi wa jino wazi, hairudi yenyewe. Mafuta ya karafuu, maji ya chumvi, dawa ya meno ya mitishamba au ya dukani, vyote hivyo vinaweza kutuliza ganzi (ule mchomo wa jino likiguswa na baridi au hewa) na kupunguza uvimbe, lakini haviioteshi fizi tena. Kinachofunika mzizi ni upasuaji, na hapo ndipo mgonjwa anapokutana na majina chungu nzima: kupandikiza nyama ya kaakaa, kuvuta fizi, handaki, tundu dogo, ngozi ya kununua, damu iliyozungushwa kwenye mashine. Kila kliniki ina njia inayoipenda, na kila tangazo lina mtu anayecheka.

Usianze kwa kuchagua upasuaji. Anza kwa kuujua mdomo wako. Ukishajua mfupa uliobaki katikati ya meno, unene wa fizi yako na upana wa fizi ngumu iliyobaki kwenye jino, njia zinazokufaa hubaki mbili, pengine moja tu, na mazungumzo na daktari yanakuwa mafupi.

Hatua ya 1: Hakikisha unauhitaji

Mzizi kuwa wazi si ugonjwa wa kukimbiza mtu kwenye kisu. Mzee ambaye fizi yake imeshuka milimita 2 tangu ujanani, haiumi, haivuji damu na haijasogea kwa miaka mingi, anaweza kuachwa hivyo hivyo maisha yake yote. Kinachotakiwa ni kupima na kuandika kwenye faili, kisha kupima tena baada ya miezi 6 au mwaka.

Sababu za kweli za kufikiria upasuaji ni hizi: fizi inaendelea kushuka kila ikipimwa, ganzi ya maji baridi au ya hewa haiishi hata baada ya wiki kadhaa za dawa ya meno ya ganzi na kupakwa floridi kliniki, jino haliwezi kupigwa mswaki vizuri kwa sababu linauma au ngozi iliyolizunguka ni laini mno, mzizi umeanza kuoza, au unakaribia kufungwa waya za kunyoosha meno na fizi ya mbele ni nyembamba kama karatasi. Urembo nao ni sababu halali. Mtu anayeficha meno yake kila akicheka hana haja ya kusingizia ganzi ili ahudumiwe. Ila aseme wazi kwamba anataka urembo, kwa maana jambo hilo hubadilisha uchaguzi wa njia, kama utakavyoona kwenye rangi ya fizi huko chini.

Hatua ya 2: Zima chanzo kwanza

Ukifunika mzizi leo na kesho ukarudi kwenye tabia iliyoufunua, umetupa pesa. Chanzo kinachoonekana sana kwa watu wenye meno safi ni mswaki mgumu na mkono mzito. Mara nyingi mtu anayetumia mkono wa kulia huumia zaidi upande wa kushoto wa juu, kwenye chonge na magego madogo yaliyo nyuma yake, kwa kuwa hapo ndipo mkono huanzia na nguvu ikiwa bado mbichi. Mkaa, majivu na mchanga laini wa kusugulia meno hufanya kazi hiyo hiyo, tena kwa kasi zaidi. Kwenye maeneo kama Arusha, ambako floridi nyingi ya maji huwaachia watu meno yenye madoa ya kahawia, wapo wanaosugua kila siku wakitafuta weupe. Doa lile limo ndani ya enameli, ganda gumu la nje la jino, halitoki kwa kusugua. Kinachotoka ni fizi.

Kijiti cha msuaki hakina kosa lolote ukikitafuna mpaka kikawa laini na ukakipitisha juu kwa juu. Kinaharibu pale kinapokuwa kikavu na kinapokwenda kama msumeno, kulia kushoto, kwenye shingo ya jino.

Chanzo cha pili ni ukoga, ule utando laini wa uchafu kwenye meno, na ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu. Fizi iliyovimba hunywea na kushuka, na huenda na mfupa. Huyu ni mgonjwa tofauti kabisa na yule wa mswaki mgumu: anahitaji kukwanguliwa ugaga, hata ule wa chini ya fizi, na kufuatiliwa, kabla ya mtu yeyote kumtajia kupandikiza. Kuna pia ugoro na kuberi vinavyowekwa sehemu ile ile ya mdomo kila siku, kuna kipini cha mdomo kinachogonga fizi, na kuna kamba ya nyama inayounganisha mdomo na fizi ambayo kwa watu wengine imeshikia karibu mno na jino, ikawa inaivuta fizi kila wanapozungumza. Jino lililoota nje ya mstari nalo halina mfupa wa kutosha mbele yake. Wakati mwingine dawa yake ni kulirudisha kwenye mstari kwanza.

Badili mswaki uwe laini, ushike kwa ncha za vidole badala ya kuukamata kwa kiganja, anzia kwenye fizi ukielekea kwenye jino. Fanya hivyo kwa miezi 2 au 3, kisha rudi upimwe. Daktari anayekuruka hatua hii na kukupangia upasuaji wiki ijayo anakuharakisha kwa faida yake.

Hatua ya 3: Pimwa vitu vitatu

Cha kwanza, na kikubwa kuliko vyote, ni mfupa na nyama ya katikati ya meno. Simama kwenye kioo chenye mwanga. Kati ya jino na jino kuna pembe ndogo ya fizi. Kama pembe hizo zimejaa pande zote mbili za jino lililofunuka, una bahati: mzizi unaweza kufunikwa wote. Kama zimepungua na kuna upenyo mweusi katikati ya meno, mfupa wa hapo umeondoka, na hakuna upasuaji wa fizi utakaoipandisha fizi ya mbele juu kuliko kiwango cha mfupa wa kando.

Madaktari wameliwekea hilo madaraja. Ule wa zamani ni mgawanyo wa daktari Miller wa mwaka 1985, wenye madaraja 4. Unaotumika zaidi sasa ni wa mtafiti aitwaye Cairo na wenzake wa mwaka 2011, wenye aina 3: RT1, ambapo katikati ya meno hakujapotea kitu, RT2, ambapo katikati kumepotea lakini si zaidi ya kilichopotea mbele, na RT3, ambapo katikati kumepotea zaidi ya mbele. Muulize daktari wako moja kwa moja, "Jino hili ni RT ngapi?" RT1 inaweza kufunikwa yote. RT2 kwa kawaida hufunikwa sehemu, ingawa wapo wanaobahatika kupata yote. RT3 usiahidiwe kufunikwa yote, na anayekuahidi mwombe akuonyeshe eksirei yako na akueleze fizi itashikilia wapi.

Cha pili ni unene. Daktari huingiza kijiti cha chuma chenye alama za milimita kati ya fizi na jino. Kikionekana kwa nje kupitia fizi, fizi ni nyembamba. Wenye fizi nyembamba ndio hufaidika zaidi na kuongezewa nyama.

Cha tatu ni upana wa fizi ngumu. Fizi iliyo karibu na jino ni ngumu na haichezi. Mbali kidogo inaanza ngozi laini, inayong'aa na kuchezacheza ukivuta mdomo. Kama kwenye jino lako fizi ngumu imebaki chini ya milimita 2 au imekwisha kabisa, ngozi laini ndiyo inayopigwa mswaki, nayo haivumilii.

Omba pia atazame kama mzizi umechimbika. Mswaki mgumu huacha mfereji kwenye shingo ya jino, na enameli ikiwa imeliwa, mpaka ambao fizi inapaswa kufikia haujulikani tena. Hapo mara nyingi jino huzibwa kwa rangi yake sehemu ya juu ya mfereji, halafu fizi inafunika sehemu ya mzizi. Ukiachwa kufunikwa mfereji mtupu, ganzi inaweza kubaki na wewe ukadhani upasuaji umeshindwa.

Hatua ya 4: Zijue njia zenyewe

Jambo moja huzielezea njia zote. Mzizi hauna damu. Nyama yoyote inayowekwa juu yake lazima ipate damu kutoka pembeni, au kutoka kwa fizi inayoifunika kwa juu. Ndiyo maana ufa mwembamba wa mzizi uliofunuka hufunikwa kwa urahisi kuliko mpana, ndiyo maana sigara huharibu, na ndiyo maana njia yenye nguvu kuliko zote ni ile inayoiweka nyama mpya katikati ya tabaka mbili zenye damu.

Njia hiyo ni kupandikiza nyama ya ndani ya kaakaa chini ya fizi iliyovutwa. Langer na Langer waliieleza mwaka 1985, na hadi leo ndiyo kipimo ambacho njia nyingine zote hulinganishwa nacho. Inakwenda hivi. Unachomwa sindano ya ganzi sehemu mbili, kwenye jino na kwenye kaakaa. Daktari anausafisha mzizi mpaka uwe laini. Anaifungua fizi pembeni mwa jino na kuilegeza kwa chini mpaka ifike juu ya mzizi bila kulazimishwa. Hapa ndipo ufundi ulipo, kwa sababu fizi inayoshikiliwa na uzi kwa nguvu itarudi chini uzi ukitolewa. Kisha anahamia kwenye kaakaa, usawa wa magego madogo, kati ya chonge na gego kubwa la kwanza, kwa kuwa nyuma zaidi anakaribia mshipa mkubwa wa damu. Anachana mstari mmoja, anaingia chini ya ngozi na kutoa ukanda wa nyama nyeupe wenye unene wa milimita 1 hadi 1.5. Ngozi ya juu inarudishwa na kushonwa. Ukanda ule unalazwa kwenye mzizi, fizi inavutwa juu yake ikivuka kidogo mpaka wa enameli, kwa sababu ikipona hushuka kidogo, kisha inashonwa kwa nyuzi nyembamba sana. Jino moja huchukua kama saa moja hadi moja na nusu.

Faida yake kubwa ni kwamba fizi inakuwa nene, na fizi nene haishuki ovyo. Ufuatiliaji wa miaka 5 na zaidi umeonyesha mara kadhaa kwamba meno yaliyoongezewa nyama hushikilia matokeo vizuri kuliko yaliyovutiwa fizi peke yake. Mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio 48, nayo yaliiweka nyama ya kaakaa kwenye nafasi ya juu. Hasara ni kidonda cha pili mdomoni. Wagonjwa wengi watakwambia jino halikuwasumbua, kilichowasumbua ni kaakaa.

Kuvuta fizi peke yake, bila kupandikiza, ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa mgonjwa: hakuna kidonda cha kaakaa na rangi inabaki ile ile. Inafaa pale fizi iliyobaki ni nene na pana ya kutosha, na sehemu iliyofunuka ni ndogo. Mwaka 2000 Zucchelli na De Sanctis waliibuni upya kwa meno kadhaa yaliyofuatana, bila zile chale za wima zinazoacha kovu. Kwa fizi nyembamba siipendi: miezi ya kwanza inapendeza, baadaye inaanza kurudi ilikotoka.

Handaki ni namna nyingine ya kuingiza nyama ile ile ya kaakaa. Badala ya kuifungua fizi kama pazia, daktari hupitisha vifaa vidogo chini yake kuanzia ukingo wa jino, bila kuzikata pembe za katikati, kisha anavuta kipandikizi kwa uzi kupita humo. Pembe zisipokatwa, damu haikatizwi, kupona ni haraka na kovu karibu halionekani. Kwa meno matatu, manne yaliyofuatana ya RT1, daktari mwenye mkono mwepesi ataipenda hii. Kwa asiye na mazoezi ni rahisi kuitoboa fizi, na fizi iliyotobolewa huko ndani ni hasara tupu.

Tundu dogo ndiyo inayotangazwa kwa kelele zaidi. Ilitangazwa na daktari John Chao wa California, aliyechapisha matokeo ya wagonjwa wake mwaka 2012. Anatoboa tundu la milimita chache mbali na jino, anaingiza kifaa, anailegeza fizi kwa ndani na kuitelezesha juu ya mizizi mingi kwa mkupuo mmoja, kisha anasokomeza vipande vya kolajeni (protini inayojenga nyama na ngozi) ili isirudi. Wanasema hakuna kisu wala uzi. Kwa nje ni kweli, lakini kwa ndani fizi imeachanishwa na mfupa kama kwenye upasuaji mwingine wowote. Uzuri wake ni meno mengi kwa siku moja bila kidonda cha kaakaa. Wasiwasi wangu ni kwamba majaribio ya muda mrefu yanayoilinganisha ana kwa ana na nyama ya kaakaa bado ni machache, na kwa mwenye fizi nyembamba kolajeni haiongezi unene wa kutegemewa kama nyama yake mwenyewe.

Kupandikiza nyama ya kaakaa pamoja na ngozi yake ya juu ni njia ya zamani, ya miaka ya 1960, na bado ina kazi. Haitafuti urembo. Inatafuta fizi ngumu mahali ambapo imekwisha, hasa meno ya mbele ya chini. Kaakaa hubaki na kidonda cha wazi kinachochukua wiki 2 hadi 4 kufunga. Na kwa watu wengi wenye asili ya Afrika kuna jambo ambalo maelezo ya ughaibuni huligusia juu juu tu: fizi zetu mara nyingi zina weusi, na kaakaa ni la waridi. Kitu kilichotolewa kaakaani na kuachwa juu kitaonekana kama kiraka, na kitabaki hivyo. Kwenye meno ya chini yanayofichwa na mdomo hakuna anayekiona. Kwenye meno ya juu ya mbele, kataa. Nyama ya ndani iliyofichwa chini ya fizi haina shida hiyo, kwa kuwa ngozi inayoonekana ni ile ile yako ya zamani.

Kusogeza fizi kutoka jino la jirani ni kongwe zaidi, Grupe na Warren waliiandika mwaka 1956. Inasaidia jino moja lenye ufa mwembamba na mrefu, likiwa na jirani mwenye fizi ya kutosha. Hatari ni kumvua jirani ili kumvika mwenzake.

Zimebaki nyama za kununua, na hapa ningetaka Mwislamu anayesoma atulie kidogo. AlloDerm inatokana na ngozi ya binadamu waliojitolea miili yao, ikaondolewa chembe hai zote. Mucograft inatokana na nguruwe. Emdogain, ile jeli ya protini za enameli inayopakwa kwenye mzizi, inatokana na vichipukizi vya meno ya nguruwe. Zipo pia kolajeni za ng'ombe. Mara nyingi mgonjwa haambiwi, si kwa ubaya bali kwa sababu daktari anaitaja kwa jina la boksi. Uliza, "Asili yake ni mnyama gani?" na uombe kuona boksi. Wapo maulamaa wanaozungumzia dharura na kugeuka kwa kitu, yaani najisi ikibadilika kuwa kitu kingine, hayo muulize sheikh wako. Ila jua kwamba kwa upasuaji huu mbadala upo, nao ni kaakaa lako. Kitabibu, bidhaa hizi hupunguza maumivu na hukuwezesha kutibu meno mengi bila kumaliza kaakaa. Kwa wastani hazijaishinda nyama yako mwenyewe.

Damu iliyozungushwa kwenye mashine ikatoa utando wa njano, njia iliyotokea Ufaransa mwaka 2001 mikononi mwa daktari Choukroun, inasaidia kidonda cha kaakaa kupona kwa raha. Kama kifuniko cha mzizi badala ya nyama, sioni sababu ya kuilipia zaidi.

Hatua ya 5: Linganisha kwa mdomo wako

Chonge la juu limefunuka milimita 3, pembe za kando zimejaa, mtu ni wa mswaki mgumu. Fizi ikiwa nene, kuvuta peke yake kunatosha. Ikiwa nyembamba, ongeza nyama ya kaakaa. Hapa ndipo matokeo huwa mazuri kuliko mahali pengine pote, na ndiyo picha unazoziona kwenye matangazo.

Jino la mbele la chini, mzizi wazi milimita 4, hakuna fizi ngumu, kamba ya mdomo imeshikia ukingoni. Usiulize kwanza litafunikwa kiasi gani. Uliza fizi ngumu itapatikana vipi. Kipandikizi chenye ngozi pamoja na kuikata kamba ile kinaweza kulinda jino hilo kwa miongo, hata kama milimita moja ya mzizi itabaki wazi. Kwa kawaida mtu huja kwa sababu ya urefu wa jino, akaondoka na kitu chenye faida kuliko alichokuja kutafuta. Na baada ya miezi kadhaa fizi kama hiyo wakati mwingine hutambaa yenyewe juu ya mzizi kwa milimita au karibu na hapo.

Meno matano ya juu yamefunuka kidogo kidogo, yote RT1. Handaki, au kuvuta kwa mtindo wa Zucchelli, na nyama ya kaakaa kwenye yale mawili matatu yaliyo membamba zaidi. Kaakaa haliwezi kutoa nyama ya mdomo mzima kwa siku moja, hivyo kubali kufanyiwa upande mmoja kwanza, wa pili baada ya miezi kadhaa.

Meno marefu yote, yenye mianya myeusi katikati na mengine yanacheza. Huu ni ugonjwa wa fizi, na kufunika mizizi si mahali pa kuanzia. Tibu ugonjwa. Urembo wa hapo unaweza kutafutwa kwa kuziba mianya kwa vifaa vya rangi ya jino, au kwa fizi bandia inayovaliwa na kuvuliwa.

Hatua ya 6: Kabla ya kutia sahihi

Mvutaji sigara aache wiki kadhaa kabla na baada, na hata akiacha ajue matokeo yake kwa wastani hupungua. Mwenye kisukari alete kipimo chake cha wastani wa sukari ya miezi 3. Kikiwa juu, upasuaji usubiri, kwa kuwa hauna dharura. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au sindano za kuimarisha mifupa amwambie daktari, na asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Mjamzito angoje ajifungue.

Tafuta bingwa wa fizi, au angalau daktari wa meno anayefanya upasuaji huu mara kwa mara. Mahali pa kuulizia ni hospitali zenye vyuo vya udaktari wa meno, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam au shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Usajili wa daktari unaweza kuuthibitisha kwa Baraza la Madaktari Tanganyika au, kwa Kenya, KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Mwombe picha za wagonjwa wake mwenyewe, za kabla na za baada ya mwaka mmoja. Za wiki ya pili hazina maana, maana wakati huo fizi imevimba na kila mtu anaonekana amepona kabisa.

Kuhusu bei, usiulize "shilingi ngapi" tu. Uliza kama ni kwa jino au kwa sehemu ya mdomo, kama bei ya nyama ya kununua imo ndani, kama kuna malipo ya kutoa nyuzi, na itakuwaje ikirudi chini ndani ya mwaka. Kama una bima, pata jibu lao kwa maandishi kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 7: Wiki mbili za mwanzo

Ukiweza, usipange upasuaji ndani ya Ramadhani au wiki ya safari ndefu. Kula kabla ya kwenda. Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa nje ya shavu, dakika 15 kisha uipumzishe. Uvimbe hukua hadi siku ya pili au ya tatu, hilo ni la kawaida.

Kaakaa likitoa damu, kunja kitambaa safi cha shashi, kiloweshe, ukibonyeze kwa kidole bila kuachia dakika 15 hadi 20. Kosa la wengi ni kuchungulia kila dakika. Ukichungulia unaung'oa ule utando ulioanza kuziba. Isipokatika baada ya hapo, rudi hospitali usiku huo huo.

Mswaki usiguse sehemu iliyoshonwa kwa wiki 2 hivi, au kama utakavyoelekezwa. Badala yake utasukutua klorheksidini, dawa ya maji ya kuua vijidudu mdomoni, mara 2 kwa siku. Itayapaka meno rangi ya kahawia, hasa ukinywa chai ya rangi na kahawa. Madoa hayo husafishwa kliniki. Kula uji wa vuguvugu, mtori, bokoboko, viazi vya kuponda, mayai, maziwa lala. Ugali uwe laini na utafunwe upande wa pili. Mahindi ya kuchoma, karanga, kashata, muwa na pilipili visubiri.

Usivute mdomo ili uonyeshe watu nyuzi. Hilo peke yake limeharibu vipandikizi vingi, kwa sababu siku za mwanzo kinachokishikilia ni damu iliyoganda tu, na mishipa midogo ndiyo kwanza inaingia. Kipandikizi kilicho wazi huweza kuwa cheupe na kuvua ngozi ya juu wiki ya kwanza. Si usaha. Usaha huja na harufu mbaya, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, na pengine homa. Hapo usingoje miadi.

Kwa maumivu, parasetamoli na ibuprofeni hutosha wengi, ila ibuprofeni si ya mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au pumu inayochochewa na dawa hizo. Aspirini kwa ajili ya maumivu iepuke, inaongeza damu kutoka.

Hatua ya 8: Kuhukumu matokeo

Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na 14. Mswaki laini mno unarudi taratibu, na usafi wa katikati ya meno baadaye, kwa ruhusa. Fizi hubadilika umbo kwa miezi, kwa hiyo usikimbilie kusema imeshindwa ikionekana nene au haina usawa mwezi wa pili. Pima na upige picha miezi 6, halafu mwaka. Ikibaki milimita moja wazi na ganzi imekwisha, madaktari wengi watakushauri uiache. Ikibaki nundu inayokera macho, inaweza kupunguzwa kwa kazi ndogo ya dakika chache chini ya sindano ya ganzi. Na kama mzizi umebaki wazi kwa kiasi kinachokusumbua, upasuaji wa pili kwenye jino lile lile unawezekana, kwa kawaida baada ya miezi 6 au zaidi. Kaakaa lililotoa nyama hujirudishia unene wake na linaweza kutoa tena.